Matia Mulumba, Mnyapara wa Mityana

Yapata mwaka 1836 alizaliwa mtoto mmoja katika wilaya ya Bunya, nchi ya Busoga, ng'ambo ya mto Nile, mashariki ya Buganda. Zamani zile Baganda walikuwa na nguvu kuliko jirani zao wengi, na mara kwa mara walivuka mto kwenda kuteka ng'ombe, wanawake na watoto. Katika vita mojawapo ya namna hiyo mtoto yule alitekwa pamoja na mama yake. Akachukuliwa mbali na kwao, akauzwa kwa mtu mmoja wa Buganda jina lake Magatto, naye akaitwa Kalemba.

Mateka wengi wa siku zile waliishi na kufa katika kazi ngumu, wala majina yao hayakukumbukwa na mtu. Lakini Magatto alikuwa mtu mwema. Alimpenda kijana huyu, akamlea kama mmoja wa watu wa nyumba yake, hata akahesabiwa katika ukoo wao, ukoo wa Musu, yaani ndezi. Alipokuwa mtu mzima aliingia katika nyumba ya mtawala wa jimbo la Singo, ambaye kwa cheo chake huitwa Mukwenda, akakaa Mityana. Huko alionekana kuwa mtu wa bidii na wa kuaminika, akapandishwa cheo mpaka akawa mnyapara wa watumishi wote wa mkubwa yule. Cheo hicho kilikuwa na jina lake, na kwa ajili ya jina hilo watu wakazoea kumwita Mulumba. Basi mtoto aliyeletwa amefungwa kamba sasa alikuwa na nyumba, wake kadha wa kadha, watumishi na heshima.

Pamoja na hayo moyo wake haukutulia. Baadaye alisimulia mapadre ya kwamba baba yake alikuwa akisema siku zote kuwa Baganda hawajaijua kweli, naye mzee alikuwa akiitafuta maisha yake yote. Hata alipokaribia kufa alimwambia mwanawe ya kuwa siku moja watakuja watu wa kuwafundisha njia iliyo sawa. Maneno ya mzee anayekufa hayasahauliki upesi. Mulumba aliyashika, akawa mtu wa kungoja.

Kwanza walikuja Waarabu na watu wa pwani, wakileta nguo, bunduki na Kurani. Kabaka Mutesa mwenyewe alijifunza dini yao, na watu wengi wakamfuata. Mulumba alidhani ndio wale walioagwa na baba yake, akashika mafundisho yao kwa moyo. Kisha, mwaka 1877, walifika Waprotestanti wa kwanza kutoka Uingereza, na mwaka uliofuata akaja fundi Mackay, mtu aliyejua kazi ya chuma na ya mbao, na kusoma na kuandika. Mulumba akaenda kwake akasoma. Mtu akimwona anavyotoka huku na kwenda huku anaweza kumdhania kuwa kigeugeu, kumbe sivyo. Kigeugeu hufuata faida, naye hakuwa na faida aliyokosa. Alikuwa na swali, akalipeleka kila mahali alipotumaini kupata jibu.

Mwezi wa Februari 1879 Padre Lourdel na Bruda Amans, wa shirika la Mapadre Weupe, walifika Buganda kwa mtumbwi. Walikuwa wametoka Bagamoyo pamoja na wenzao, wakaenda kwa miguu kupita Tabora hata pwani ya kusini ya Ziwa Nyanza, safari ya miezi mingi yenye homa na njaa. Wenzao, na Padre Livinhac mkubwa wao, wakafuata katikati ya mwaka ule. Baganda hawakuweza kulitamka vizuri neno la Kifaransa la kumwita padre, ndipo Lourdel akapata jina la Mapera, nalo likadumu. Siku ya 31 Mei 1880 Mulumba akaja kwa mapadre, akaandikwa miongoni mwa wakatekumeni, yaani wale wanaofundishwa kabla ya ubatizo. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na zaidi. Wengi waliokaa naye katika mafundisho walikuwa vijana, na baadhi yao wangaliweza kuwa wanawe.

Sasa ikaja shida. Kujifunza maneno ya katekisimu si kazi kubwa kwa mtu mwenye akili. Kuyafuata ndiko kulikokuwa kugumu, kwa kuwa Mulumba alikuwa na wake wengi, na katika Buganda wingi wa wake ndio ulioonyesha ukubwa wa mtu. Ndio waliolima, ndio waliopika, ndio waliomfanya mgeni ajue kuwa ameingia katika nyumba ya mkubwa. Mulumba akaachana nao wote isipokuwa mmoja, jina lake Kikuwa. Tena akajizuia na pombe ya ndizi, ambayo ilikuwa kinywaji cha kila baraza. Wakubwa wenzake walimcheka. Walikuwa hawajaona mtu anayejitia umaskini kwa hiari yake.

Lakini lililowashangaza zaidi lilikuwa kazi. Watoto wa Tengeru na wa vilima vya Meru wanaijua migomba. Wanajua jinsi inavyotaka kupogolewa, kufagiliwa majani na kutiliwa samadi. Buganda nayo ni nchi ya migomba, na zamani zile kuitunza ilikuwa kazi ya wanawake na watumwa. Mkubwa hakushika jembe, wala hakuchukua mzigo kichwani. Hata kiti chake kilichukuliwa na kijana aliyemfuata nyuma. Mulumba akaanza kufanya kazi kwa mikono yake pamoja na watu aliowasimamia, na kubeba mizigo yake mwenyewe njiani mbele ya macho ya watu. Kwa mtu aliyezaliwa katika ukubwa jambo hili pengine lingekuwa mchezo tu wa siku mbili. Mulumba alikuwa amepanda kutoka utekani hata unyapara kwa jasho la miaka mingi, akijua vema jinsi mtumwa anavyotazamwa; kwa hiyo alijua pia alichokuwa akikiacha. Padre Livinhac, aliyekutana na Wakristo wengi maishani mwake, alimsifu huyu kwa namna ya pekee.

Akabatizwa siku ya Pentekoste, 28 Mei 1882, akapewa jina la Matia, jina la mtume aliyechaguliwa kushika mahali pa Yuda. Siku hiyo hiyo alibatizwa rafiki yake Luka Banabakintu, mtu wa Singo kama yeye.

Haikupita miezi sita, mapadre wakaondoka. Mambo ya barazani kwa Mutesa yalikuwa yamebadilika, na palikuwa na hofu ya hila za kuwadhuru wao na vijana waliokaa nao. Basi Novemba 1882 wakapanda mitumbwi, wakavuka ziwa kwenda kusini, wakaanza misioni ya Bukumbi, karibu na mahali palipo Mwanza leo. Wakristo wa Buganda wakabaki peke yao. Hawakuwa na Misa, wala maungamo, wala mtu wa kuwaambia lini mapadre watarudi, au kama watarudi kamwe. Wengi walikuwa wamebatizwa juzi tu. Mtu angaliweza kutazamia kwamba dini hiyo changa itakufa kama moto usiotiwa kuni.

Haikufa, na sababu yake ni watu wachache waliokuwa na nyumba zao, kazi zao na watoto wao. Katika jumba la Kabaka alikuwako Yosefu Mukasa. Huko Kigowa alikuwako Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma. Na huko Mityana alikuwako Matia Mulumba. Nyumba yake ikawa mahali pa kusali na kufundishwa. Luka Banabakintu alimsaidia, na baadaye Noa Mawaggali, mfinyanzi wa Mukwenda, mtu maskini aliyemlea mama yake. Kazi yao haikuwa ya mahubiri makubwa. Walikaa chini na watu, wakarudia sala neno kwa neno mpaka zikashikwa, wakaeleza mafundisho kama walivyoyasikia. Waliokuwa katika hatari ya kufa waliweza kubatizwa, kwa maana katika saa hiyo hata mtu asiye padre ana ruhusa. Kwa sehemu kubwa watu waliamini kwa sababu ya jinsi walivyomwona mnyapara wao akiishi.

Kutoka Mityana hata mji mkuu ni kilometa 70 hivi, karibu sawasawa na mtu anayetoka sokoni Tengeru akaenda kwa miguu mpaka Moshi mjini. Njia ile, yenye mabwawa ya mafunjo na vilima visivyokwisha, Mulumba aliizoea tangu siku za mafundisho yake.

Mutesa akafa Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga, angali kijana, akatawala. Julai 1885 mapadre wakarudi. Wakastaajabu: walikuwa wameacha kikundi kidogo, wakakuta watu wengi wanaojua sala na kungoja ubatizo, ambao wao hawajawahi kuonana nao hata siku moja.

Furaha hiyo haikudumu. Mwanga alikuwa kijana, naye alizungukwa na washauri wenye hofu. Habari zilikuwa zimefika kwamba Wadachi wametwaa nchi upande wa pwani, na ilinenwa tangu zamani kuwa atakayeiangusha Buganda atatokea mashariki, kwa njia ya Busoga. Askofu Hannington wa Kanisa la Uingereza alipokuja kwa njia hiyo hiyo, aliuawa kwa amri ya mfalme, tarehe 29 Oktoba 1885. Yosefu Mukasa akamlaumu Kabaka kwa uuaji ule, tena aliwakinga vijana wa jumbani wasivutwe katika mambo maovu ya mfalme. Kwa hayo akauawa tarehe 15 Novemba. Hofu ya mfalme kwa nchi yake haikuwa ya bure, kama miaka iliyofuata ilivyoonyesha. Lakini waliolipishwa kwa hofu hiyo walikuwa raia zake, ambao hawakumtakia baya lo lote.

Tarehe 25 Mei 1886 hasira ya Mwanga ikawaka kabisa. Vijana wa jumbani wakakamatwa, na Karoli Lwanga pamoja nao. Amri ikatoka kwamba Wakristo watafutwe kila mahali. Siku zile Mulumba na Luka walikuwa mji mkuu pamoja na mkubwa wao, Mukwenda. Mityana ilikuwa mbali, na nyuma ya Mityana kulikuwa na nchi pana ya kujificha. Mulumba hakuwa mtumishi wa jumbani, wala mfalme hakumjua sana. Mtu mzima mwenye akili angaliweza kuondoka usiku bila kelele. Hakuondoka. Wakakamatwa wote wawili, wakafungwa, na tarehe 27 Mei wakaletwa mbele ya Katikiro, mkubwa wa mawaziri.

Katikiro alitaka kumfedhehesha mnyapara huyu kuliko kumhoji. Akamwuliza imekuwaje mtu wa umri wake na cheo chake kufuata dini ya Wazungu. Mulumba akajibu kwa kifupi kwamba ameifuata kwa hiari yake. Katikiro akamdhihaki kwa sababu aliwafukuza wake zake, akataka kujua sasa ni nani anayempikia chakula. Mulumba akamwuliza yeye naye kama ameletwa pale kwa ajili ya kukonda kwake, au kwa ajili ya dini yake. Jibu hilo halikuwa na ufidhuli. Lilirudisha shauri mahali pake tu. Katikiro akakasirika, akatoa hukumu ya kifo, akisema kwamba atamwona huyo Mungu wake akimwokoa. Mulumba akajibu ya kuwa Mungu atamwokoa kweli, ila Katikiro hataona litakavyofanyika, kwa kuwa Mungu atachukua roho na kumwachia yeye mwili.

Wakatolewa kwenda Namugongo, mahali pa kuulia watu, mwendo wa saa kadha. Walipofika kwenye kilima kiitwacho leo Old Kampala, Mulumba akasimama. Akawauliza wauaji kwa nini wanakwenda mbali hivi, kana kwamba hapa hapana kifo. Akataka auawe papo hapo. Akaagana na Luka, wakiahidiana kuonana mbele ya Mungu. Luka akapelekwa mbele na wengine, na tarehe 3 Juni akachomwa moto huko Namugongo pamoja na Karoli Lwanga na wenzao.

Yaliyompata Mulumba ni magumu kusimuliwa, wala hayafai kuongezwa maneno. Katikiro alikuwa ameagiza kifo kisichokuja upesi. Wauaji wakamkata mikono na miguu, kiungo baada ya kiungo, wakambandua vipande vya nyama mgongoni na kuvichoma mbele yake. Kisha wakaifunga mishipa ili damu isitoke yote mara moja. Watu waliokuwapo walisema hakulalamika, ila alilitaja jina la Mungu. Wakamwacha hai kati ya matete, wakaenda zao. Ilikuwa jua la Mei, na usiku wake baridi.

Siku ya pili au ya tatu watu wengine wakaja karibu na mahali pale kukata matete. Wakasikia sauti dhaifu ikiwaita. Wakasogea, wakamwona mtu asiye na mikono wala miguu, naye akawaomba maji ya kunywa. Wakashikwa na woga mkubwa, wakakimbia. Hatuwezi kuwahukumu kwa wepesi. Kumpa maji mtu aliyehukumiwa na mfalme kungaliweza kuwaletea kifo wao nao, tena sura ile ilikuwa ya kutisha. Hata hivyo ndiyo habari ya mwisho tuliyo nayo ya Matia Mulumba: mnyapara aliyejizoeza kubeba mizigo ya wengine, akiomba maji na kuyakosa. Husemwa kwamba alikufa tarehe 30 Mei, yapata umri wa miaka hamsini, mkubwa wa umri kati ya wafia dini wa Uganda.

Siku ya pili yake, tarehe 31, watu wa mfalme walifika Mityana kupora nyumba za Wakristo. Wakamkuta Noa mfinyanzi, wakamchoma mkuki, wakamfunga mtini na kumwachia mbwa. Dada yake, Munaku, akajitokeza kwa hiari yake, akataka auawe pamoja na ndugu yake kwa dini ile ile. Hawakumwua, bali walimfanya mateka. Padre Lourdel akamkomboa baadaye, naye akabatizwa Maria Matilda, akaishi miaka mingi katika sala na kazi, bila kuolewa.

Kanisa Katoliki linawakumbuka wafia dini 22 wa Uganda, na Kanisa la Anglikana linawakumbuka wake pia, maana moto wa Namugongo haukuwabagua. Papa Benedikto wa 15 aliwatangaza Mulumba na wenzake kuwa wenye heri tarehe 6 Juni 1920, na Papa Paulo wa 6 akawatangaza kuwa watakatifu huko Roma tarehe 18 Oktoba 1964. Katika nchi zetu wako watu wengi wanaoitwa Karoli, Kizito na Matia ambao hawajapata kuuliza majina hayo yametoka wapi.

Misioni ya kwanza ya Wakatoliki chini ya Kilimanjaro, huko Kilema, ilianzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1890, miaka minne tu baada ya Mulumba kufa. Na huko Mityana kwenyewe, katika nchi ya migomba ambako kwa karibu miaka mitatu watu walifundishwa na mnyapara, mfinyanzi na rafiki zao bila padre hata mmoja, lilianzishwa mwaka 1981 Jimbo la Kiyinda-Mityana, lenye askofu wake.